Ndama wa Ngozi

Kawajense, Mpanda

Mjukuu wangu Kabula,

Huku tunaamka, tunashukuru. Miguu ya babu yako bado imevimba, na mvua imekataa.

Barua yako imefika. Unasema mwalimu wako anataka maneno mawili ya Kiingereza yakae kwenye sentensi moja. "Tulchan" ni ngozi ya ndama aliyekufa, iliyojazwa majani. "Bereft" ni mtu aliyenyang'anywa alichokipenda. Unaniuliza, ngozi hiyo ni ya kazi gani?

Miaka ya tisini tulihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani. Mwanangu wa kwanza alifia njiani. Tulimzika na nusu ya khanga niliyombebea, nusu nikabaki nayo. Mengine tuyaache.

Tulipofika, ndama naye akafa. Ng'ombe aliyefiwa hubana maziwa, kwa hiyo babu yako alimchuna ndama, akajaza ngozi nyasi, akaipaka chumvi. Akanipa niishike mbele ya mama wa ndama, yeye akikamua.

Ng'ombe akainusa, akailamba. Maziwa yakashuka. Na yangu yakashuka, yakanilowesha kifua, wala hapakuwa na wa kunyonya.

"Maskini, anadhani ni mwanaye," babu yako akasema.

"Hadhani," nikamjibu. "Anajua. Ila hana kingine cha kulamba."

Sentensi yako ndiyo hiyo. Kiingereza chake utakitafuta mwenyewe.

Na ukija likizo, mama, kile kipande cha khanga kilicho chini ya mto wangu usinifulie tena.

Bibi yako