Udi kwenye Kofia ya Jemadari

Jumamosi, Novemba 1998

Basi wiki nzima mwanangu Salma hanisemeshi, kisa nimelifukiza udi koti lake la skuli. Eti wenziwe wanamwambia ananuka. Ana miaka kumi na tatu tu, na mimi naogopa hii London itanichukulia mtoto.

Leo nilikwenda naye kazini, makumbusho, kwenye chumba cha Wajapani ninachokilinda. Akasimama kanuna mbele ya mavazi ya vita ya jemadari wa samurai. Nikamhadithia: jemadari yule alimtumikia bwana wake tangu ujanani, na kila akienda vitani aliifukiza udi kofia yake ya chuma. Akiuawa, adui angemkata kichwa akakipeleke kwa mkubwa wake, naye hakutaka kifike kinanuka.

Aliniuliza kwa Kiingereza chake kama ni kweli. Wallahi kweli, nikamwambia. Kwenye basi akaenda kukaa kiti cha mbali nami hadi nyumbani. Nikajua nimeharibu zaidi.

Jioni naosha vyombo, mara king'ora cha moshi kinalia. Nakimbilia sebuleni, namkuta kapiga magoti, chetezo changu cha udi kinafuka, koti la skuli kalitandaza juu yake.

"Mama, Jumatatu nina mtihani wa hesabu."