Karani wa Masjala

Mjukuu wangu Elia,

Shikamoo yako imefika hapa Manyoni, marahaba. Babu yako hajambo, na mtama tumeshavuna.

Unauliza kama kazi uliyopewa, ya kupanga mafaili ya zamani ya shule ya biashara hapo chuoni, ina faida. Mimi nilisoma hapo hapo. Shirika letu la umma lilipouzwa, tajiri mpya alidai vyeti, na changu kilikuwa kimeliwa na mchwa. Nikapanda treni kwenda chuoni. Ofisini wakaniambia rekodi za miaka yetu zilishachomwa.

Nikiwa natoka, mama mmoja wa masjala akaniita. "Dada, ulimaliza mwaka gani?"

Akafungua kabati lake, akatoa rejista, akapitisha kidole mpaka kwenye jina langu. Nikakaa sakafuni.

"Niliambiwa nizichome hizi," akasema. "Nikaanza kusoma majina ya watu, nikashindwa."

Nilirudi na barua yenye mhuri, kazi nikabaki nayo. Kwa furaha niliyokuwa nayo, nilisahau kumuuliza jina lake. Ukilikuta humo kwenye mafaili ya wafanyakazi, niandikie.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea kila siku.