Miezi Sita ya Bibi

Mzee wangu Twaha,

Bibi bado mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuitikia salamu. Ile rivolva yako kubwa, uliyotufundishia sote katika karakana ya silaha hapa Naguru, haikukatwa. Iko mezani kwangu, imefunikwa kile kitambaa chako cha kijani. Nimeipaka mafuta. Si mengi, maana nakusikia ukiniuliza, "Mkenya, unakaanga samaki?"

Tangu tukuzike hakuna anayeniita Mkenya. Nimezaliwa hapa hapa mjini, Nsambya, kwenye nyumba za reli. Kenya huwa naenda kwa harusi tu, nikila narudi. Miaka yote nililalamika juu ya jina hilo. Sasa nalitamani.

Haya, nikueleze. Matanga yako hayajapoa, ikaja amri kwamba silaha kuukuu zisizo na risasi zikatwe kwa msumeno. Bibi akawa wa kwanza kutajwa. Na ni kweli: risasi zake za asili, zenye ukingo kitakoni, hazipatikani tena. Zinazopatikana hazina ukingo. Ukizitia kwenye silinda zinazama, na ukitaka kutoa maganda hakuna pa kuyashika. Ndiyo maana fundi fulani wa zamani aliinyoa silinda kwa nyuma, pakapatikana nafasi ya mwezi, kile kibati chembamba cha mviringo chenye mikato sita, kinachozishika risasi zote ziingie pamoja na zitoke pamoja. Bila mwezi, ulituambia, Bibi ni nyundo tu. Na mwezi uliotuachia karakanani ulikuwa mmoja, umepinda, ukiuweka silinda inagoma kuzunguka.

Nikaenda kumwomba mkuu wetu mpya, Afande Nakato. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, lakini unanijua, mbele ya meza kubwa maneno hunikimbia. Nikasema, "Afande, nipe miezi sita, Bibi atasema." Nilimaanisha vibati sita, na chuma cha kuvitengenezea. Akasema, "Miezi sita mingi, ssebo, bwana wangu. Lakini sawa, nakupa. Ikiisha na hiyo bastola haijasema, tunakata."

Nilipiga saluti. Nilipofika mlangoni ndipo nikaelewa amenipa nini. Wewe, mtu wa haki, ungerudi kumsahihisha. Mimi niliufunga mlango polepole.

Sasa kazi. Mwezi wa kwanza kuutengeneza ulikuwa mnene, Bibi hakufunga. Wa pili ulikuwa mwembamba, risasi zikacheza ndani yake kama meno ya babu yangu. Wa tatu sikuthubutu kumwonyesha mtu, nikaufanya kizibo cha chupa ya mafuta. Macho yangu yameharibika, Mzee, na kitambi kinanizuia kuisogelea jiliwa ninayobania chuma. Kila nilipoinua kibati kwenye mwanga nikajiambia kimekuwa sawa, nilikusikia: "Usitangaze mwezi ambao hujauona." Nilirudi kwenye tupa. Nilikuwa sina kipimo, na mwenye kipimo kichwani alikuwa amelala makaburini.

Nikaanza kukata tamaa. Siku moja nikapita Kawempe dukani kwa binti yako Zuhura, nimjulie hali, na kusema kweli ninywe chai yake. Akatoa funguo afungue kabati la sukari. Mzee, funguo zote zilikuwa zimening'inizwa kwenye mwezi. Mzima, haujapinda hata kidogo.

Nikamuuliza ameutoa wapi. "Hiki? Baba alinipa nifungie funguo za duka. Alisema ni mwezi wake, nisiupoteze. Nikadhani ni uzee tu, Mjomba."

Nilishindwa kumalizia chai. Zuhura akadhani imezidi tangawizi.

Aliniazima, funguo akazifunga kwa kamba ya kiatu. Nikaupima ule mwezi, nikaukata mwingine kwa kuufuatisha, nikanyoosha, nikapiga tupa, nikanyoosha tena. Juzi tukaenda uwanja wa shabaha, Afande Nakato amesimama nyuma yangu na vizibo masikioni. Nilitumia zile risasi za mazoezi zenye baruti kidogo, kama ulivyotuapisha: Bibi ni mtu mzima, hapewi pilipili. Risasi sita zikaingia kwa mkono mmoja. Silinda ikazunguka. Bibi akasema, Mzee. Akasema zote sita. Nikamvunja pale katikati anapofungukia, na maganda yakaruka nje yote kwa pamoja, yameshikana kwenye mwezi wake, hata moja halikubaki.

Niligeuka kukuonyesha. Niligeuka kabisa, mkono nimeunyoosha.

Basi.

Nikasema peke yangu, kwa sauti ile yako ya jioni ya kumaliza Ramadhani, "Umeandama." Afande akauliza nini kimeandama. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya miezi na miezi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaandika Bibi arudi meza ya mafunzo, asikatwe, na akaniambia muda alionipa haunyang'anyi.

Kwa hiyo mahesabu yako hivi: nimetumia miezi minne kutengeneza miezi minne, mitatu ikiwa mibovu, na nimebakiwa na miezi miwili ya kutengeneza miezi miwili. Cheka sasa.

Mwezi wako nimeurudisha Kawempe, unashika funguo. Nakuahidi hii miwili nitaimaliza, na kila atakayekuja kujifunza atapiga tupa wa kwake mpaka ukae sawa, hata akinichukia. Na lile neno, umeandama, sitalitamka mbele yao mpaka niuone kwa macho yangu haya mabovu.

Pumzika, Mzee. Bibi anakusalimu.

Ni mimi, Mkenya wako wa Nsambya,
Wekesa