Benzi Lako Liko Ng'ambo

Mpendwa Mzee wangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuanza siku bila kukuamkia, na sioni kwa nini niache kwa sababu tu umefariki.

Nina taarifa mbili. Ya kwanza, Benzi limefika kwa wazee, kama ulivyoagiza. Ya pili, ili lifike ilinibidi nitoe siri yako. Ifurahie ya kwanza kabla hujaikasirikia ya pili.

Unakumbuka shirika lilipouzwa. Wenzako waliondoka na makabati na feni. Wewe uliruhusiwa kununua Benzi ulilozoea kupanda, na mimi nikaja nalo, kama jeki na tairi la akiba. Jumatatu iliyofuata ulitoka nyumbani saa moja na nusu, suti, tai, mkoba. Nikadhani umepata kazi nyingine. Tulipofika Nyakato, mbele ya geti la shirika, sasa lenye mnyororo mpya, ukasema, "Masele, nenda tu mbele."

"Mbele wapi, Mzee?"

"Mbele."

Mbele ikaishia Kigongo, kwenye kivuko. Tulipaki tukitazama ziwa. Ulisoma gazeti hadi matangazo ya vifo, tukala chakula alichokufungia mkeo, Mama Koku, na jioni tukarudi mjini kama watu waliochoka na kazi. Miaka miwili. Kiinua mgongo chako tulikichoma taratibu kwenye tangi la petroli. Mkeo akiniuliza, nilikuwa na jibu moja: "Mzee alikuwa kikaoni, Mama." Ulihudhuria vikao vingi kuliko enzi shirika likiwa hai.

Halafu siku ile tulipopaki vibaya tukajikuta ndani ya foleni ya kivuko. Foleni ikasogea, wa nyuma wakapiga honi. Ukaninong'oneza, "Vuka tu. Wasije wakaona hatuna safari."

Tukavuka bila safari. Pale Busisi, ng'ambo, bibi mmoja mwenye fimbo akauliza kama tunapita kituo cha masista cha kulelea wazee. Ulimjibu haraka, kama mtu aliyeitwa kazini: "Ndiko tunakokwenda."

Njiani akakuomba umsomee barua ya mwanawe. Ukamsomea, ukamwandikia na jibu. Alhamisi iliyofuata walikuwa wanne wanakusubiri, kila mmoja na karatasi yake. Walikuita Karani. Wewe uliyekuwa na makarani sita hukuwasahihisha. Nilikutazama kwenye kioo tukirudi. Ulikuwa umelegeza tai.

Ulipoanza kuugua ukaniambia, "Nikiondoka, gari liende kule. Wale wazee wakipelekwa hospitali Sengerema wanapakiwa nyuma ya pikapu kama mihogo." Kisha ukaongeza, "Na Mama Koku asijue nilikuwa nashinda Kigongo. Niahidi." Nikaahidi yote mawili, bila kuona kwamba hayawezi kupanda gari moja.

Siku ya kumaliza matanga mdogo wako alikuja na mnunuzi, bwana wa minofu ya sangara, aliyekwisha kulizunguka gari mara tatu akigonga milango. Nikasimama kwenye kikao cha ukoo, nikasema Mzee aliagiza liende kwa wazee.

"Alikuagiza wapi?" mdogo wako akacheka. "Kikaoni?"

Watu wakacheka naye. Mama Koku hakucheka.

"Masele," akasema, "shirika limekufa, kikao cha nani? Nilijua unanidanganya, nikanyamaza. Leo nikuamini vipi?"

Mzee, sikuwa na karatasi wala shahidi. Nilikuwa na neno langu tu, na nilikuwa nimelimaliza lote kwa kukutetea. Basi nikasema. Geti, gazeti, foleni, barua za wazee. Nilisema nikitazama viatu vyangu.

Mama Koku akauliza, "Kwa hiyo hapakuwa na mwanamke?"

"Walikuwepo, Mama. Ila hakuna aliye chini ya miaka sabini."

Akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakatikisika, sijui kwa kilio au kwa kicheko. Alipojifunua akamwambia mdogo wako, "Shemeji, mwambie mgeni wako atafute gari jingine."

Tulilipeleka wiki ile ile. Mama Koku alikaa mbele, pembeni yangu. Tulipofika Kigongo akataka nimwonyeshe mahali petu. Tukapaki, akatazama ziwa mpaka kivuko kikaenda na kurudi.

"Angeniambia," akasema. "Na mimi nilikuwa nashinda peke yangu."

Masista walipokea funguo, wakagundua hawana dereva. Hivyo na mimi nimetolewa sadaka. Wazee wanagombea kiti chako cha nyuma kushoto. Juzi mmoja alijisingizia homa ili apelekwe hospitali.

Nilipokwenda kumsalimia Mama Koku Jumapili iliyopita, aliniuliza kama katika kushinda kote kule uliwahi kumtaja. Ningeweza kumtungia kitu kizuri, unajua ninavyoweza. Nikamwambia kama ilivyokuwa: kila ukifunua chakula chake ulikuwa unasema, "Masele, huyu mama nitamtazama vipi akijua?", halafu unakula chote.

Akaniangalia usoni kwa muda. Nami sikuangalia viatu.

"Haya," akasema. "Hilo naliamini."

Pumzika, Mzee. Leo hakuna anayekuuliza unakwenda wapi.

Dereva wako