Vitabu Visivyo na Kurasa

Dada Mandira,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Vile vitabu vya buluu ulivyovisifu kwenye picha yangu ni maboksi matupu yaliyotengenezwa kama vitabu. Siku hizi wasichana wote darasani wanapamba rafu zao kwa maboksi hayo. Niliyanunua kwenye maonyesho ya vitabu hapa Kolkata, kwa pesa za miwani mipya ya Babu. Alinipa mwenyewe, akasema, "Nunua vitabu. Macho yako yatatutosha wawili."

Sasa kila jioni anakuja na chai yake nimsomee. Nashika boksi, natunga hadithi, eti natafsiri kitabu cha Kiingereza. Jana alicheka mpaka akapaliwa. "We mjukuu wangu, huyo mwizi tumemwacha juu ya paa tangu Jumatatu! Atashuka, au keshaota mizizi?" Kisha akamwita Mama aje asikie ninavyotafsiri Kiingereza bila kukwama. Sikuweza kuwatazama.

Huko Siliguri mvua zimeanza? Hapa ni joto tu, na paka wako kazaa kwenye kapu la nguo.

Nasikia kandambili za Babu zikiburutwa ukumbini. Nilishaifunika karatasi hii kwa daftari, lakini nimeifunua tena. Leo nitamsomea hii.

Mdogo wako,
Torsha