Nafasi ya Vidole

4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko, na baridi imekuachia? Sisi wazima, isipokuwa kifua changu kinagombana na vumbi la mbao, na mama yako anagombana na mimi. Anasema nikifa, nife walau nimeoga.

Nimeacha kutupa vifaa kwenye ndoo. Jirani muuza mashine amenipa mabamba ya sponji ngumu, ile ya kufungashia, nami nimeunda masanduku matatu: la patasi, la misumeno midogo na la randa. Kila kifaa nakilaza juu ya sponji, nakizungushia chaki, halafu nakata kwa kisu chembamba mpaka kilale humo kama mtoto kitandani. Kikikosekana kimoja, shimo lenyewe linakushtaki.

Sasa sikiliza. Pembeni ya kila kifaa lazima uchonge nafasi ya vidole, la sivyo kinazama na hukitoi. Sichongi kwa kipimo cha mkono wangu, mimi karakana hii natoka. Weka mkono wako wa kulia kwenye karatasi, uzungushie kalamu, uniletee. Ukirudi mwisho wa mwaka kama ulivyoahidi, unafungua sanduku na mkono unakwenda wenyewe.

Mama yako anauliza kama unakula. Mwambie ndiyo, hata kama ni uongo.

Ni mimi, Baba yako


2 Machi

Shikamoo baba, shikamoo mama.

Mimi mzima. Kiwandani mbao haziishi, ndiyo maana nimechelewa. Samahani kwa mwandiko, naandikia kitandani na kitanda chenyewe kimelegea.

Mchoro wa mkono huu hapa. Ninayekaa naye chumbani ndiye aliyeshika kalamu. Lakini usijichoshe, baba. Chonga nafasi pana tu, itatosha. Mwisho wa mwaka tutaona kama kazi itaniruhusu.

Nakula, mama, tena nashiba.

Mwanenu


25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mchoro wako niliukata kwenye kadibodi, nikachongea nafasi za patasi zote. Jana nikiwa kwenye ya mwisho mama yako akaingia na chai, akaitazama ile kadibodi, akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Kidole chako cha shahada cha kulia kimepinda. Kilipinda hapa hapa, kwa nyundo yangu, ulipokuwa mdogo ukinishikia msumari, na mama yako alininunia wiki nzima. Mkono ulioniletea umenyooka vidole vyote. Huu ni wa kushoto, umelazwa kiganja juu. Na mwandiko wako umelewa, usinisingizie kitanda.

Mkono wako wa kulia uko wapi? Usinijibu kwa mzaha.

Baba yako


30 Juni

Shikamoo baba.

Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi.

Mashine ya kupasulia mbao ilinichukua vidole vinne vya kulia, Desemba iliyopita. Kimebaki kidole gumba. Kinga ya msumeno ilikuwa imetolewa ili kazi iende haraka. Msimamizi alijua, na mimi nilijua. Uliniambia tangu utotoni, msumeno usio na kinga usiuguse hata kama njaa inakuua. Sasa nafagia vumbi kiwanda kile kile, na wenzangu wakiniona wanageuza macho.

Sikuogopa hasira zako, baba. Niliogopa utaacha kukata sponji. Ile barua ya masanduku nilikusikia humo ukicheka, na hapa sina kingine cha kunichekesha.

Mimi si seremala tena. Mwisho wa mwaka sitakuja. Nije kufanya nini, kukushikia msumari? Vifaa mpe fundi mwenye mikono.

Nisamehe.

Mwanao


19 Julai

Mwanangu,

Tumesoma. Mama yako amelia, mimi nimekohoa, kila mtu na lake.

Sikutukani. Nilishakutukana peke yangu karakanani, wewe na huyo msimamizi wako, inatosha. Vifaa hapewi mtu. Sponji ikishakatwa haizibiki. Nilijaribu kurudishia vipande kwa gundi, ikawa kama nguo ya viraka, nikachukua mabamba mapya. Mipini yote sasa inatazama kushoto. Na mimi mwenyewe najifunza kwa mkono wangu wa kushoto. Siku ya kwanza nilipasua ubao mzuri na kusema maneno ambayo mama yako hakujua nayajua. Sasa patasi inanisikia kidogo. Kinachofundishika kwa mzee mgonjwa kikushinde wewe?

Iliyonisumbua ni randa. Inataka mikono miwili, mmoja usukume, mwingine uongoze, na kidole kimoja hakivunji chawa. Basi nitaichongea nafasi mbili, ya kushoto yako, ya kulia yangu. Tutapiga randa wawili kama wapumbavu.

Kifua si kizuri. Njoo.

Baba yako


6 Agosti

Shikamoo baba.

Ufagio nimewarudishia. Nasafiri mwezi ujao, katikati ya mwezi. Nakuomba kitu kimoja, sanduku la randa usilimalize kabla sijafika. Nisubiri.

Mwanao wa kushoto


29 Agosti

Mwanangu,

Pole. Sijui nianze vipi ila hivyo. Baba yako ametutoka Jumamosi, na tumeshamzika.

Barua yako ilimkuta hai. Nilimsomea, akaniambia nirudie pale ulipotia sahihi, akacheka mpaka kikohozi kikamzidi. Kisha akataka kisu na sanduku la randa kitandani. Nikamwambia, "Mwanao amesema usimalize." Akasema, "Yeye anaagiza, mimi nakata." Alikukaidi hata wewe.

Nafasi yako aliichonga akaimaliza. Yake aliizungushia chaki tu, akaweka mkono wake mwenyewe na kuuzungushia, hadi kwenye kidole cha mwisho chaki ikamponyoka. Shuka nimeliacha na alama yake, sijalifua.

Jana nilikichukua kisu nikafuata mstari wake. Sikujua kukata, kingo zimekuwa kama zimetafunwa na panya, angeniondoa karakanani. Nikaweka mkono wangu humo. Unapwaya, mwanangu, unapwaya sana. Lakini randa inatoka.

Njoo. Wewe utasukuma, mimi nitaongoza.

Mama yako