Namna ya Kumwambia Docteur Asimame

Jumatatu, 4 Machi 2002. Butembo.

Utumbo wa mbuzi tena, kwenye sinia, wa kujifunzia kushona. Docteur Mwamba anaushona vizuri kuliko fundi cherehani. Mtu wa Kasai, vita vilimkuta huku. Mkono hautetemeki. Docteur Masika, binti wa hapa hapa, anashona polepole na anaona kila kitu. Mmoja hasikilizi. Mwingine hasemi. Ndio wanafunzi wangu.

Baada ya sindano nawalazimisha waseme. Kabla ya kisu: huyu ni nani, tunamfanyia nini, tunaogopa nini. Directeur wa hospitali alipita akacheka. "Mama Docteur, unafundisha kupasua ao kuhubiri?" Nilimjibu kwamba mkono hodari chini ya kichwa kisichosikia ni panga tu. Akaondoka. Hanipendi. Vizuri.

Jumatano, 6 Machi.

Padri kaja na habari kutoka Beni. Daktari wa Mabalako kakimbia mapigano. Mama wa huko aliyeshindwa kujifungua alibebwa na wanaume kwenye machela kuelekea Beni, akafia njiani na mtoto tumboni.

Directeur anataka Mwamba aende Mabalako mara moja, peke yake. Inabidi mimi niseme yuko tayari. Sikusema.

Nikimzuia, akina mama watafia njiani. Nikimwachia, atawaua mezani. Sijui kipi. Nachukia kutojua.

Ijumaa, 8 Machi.

Nilimlaza muuguzi mezani awe mgonjwa. Nikawaambia: ngiri, upande wa kulia. Alama ilikuwa kushoto, nimeichora mwenyewe kwa wino. Wote wakaitikia. Mwamba hakutazama hata. Masika alitazama alama, akanitazama mimi, akashika mkasi.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Mama Docteur, mukubwa akisema, mutoto hapana kumukata maneno."

Ndivyo tulivyolelewa. Na kwa adabu hiyo hiyo makamanda wanatugawana kama nyama ya sokoni. Kila mtu katika nchi hii ameona kitu, kisha akashika mkasi. Nimesoma vitabu vya mataifa mengi, na sijakuta bwana mkubwa hata mmoja aliyeponywa na ukimya wa walio chini yake. Niliwapigia kelele.

Mwamba akasema, "Mais lakini Mama, mutu anatoka damu, tuanze kupiga masolo?" Masolo, yaani soga, ndivyo anavyoita. Nilimtoa nje.

Jumapili, 10 Machi.

Mapigano upande wa Vuhovi. Majeruhi waliletwa misa haijaisha. Korido imejaa.

Tulikuwa na akina Kambale wawili. Mmoja mkulima wa Vuhovi, risasi ya paja. Mwingine mchuuzi wa maharagwe wa Musienene, ngiri iliyonasa, akisubiri zamu. Ndugu za yule wa Vuhovi walitoa damu. Kwenye mfuko wa damu liliandikwa jina Kambale, basi. Kwetu mtoto wa kiume wa pili ni Kambale. Ukiliita jina hilo, korido nzima inageuka.

Mwamba aliinama juu ya mtu wa Musienene. "Wewe ni Kambale?"

"Ndiyo, docteur."

Akamfungulia damu ya yule wa Vuhovi.

Masika alikuwa upande wa pili wa kitanda. Alijua wapo wawili. Alidhani docteur keshahakikisha.

Mtu akaanza kutetemeka. Mgongo, akasema, mgongo. Mkojo ukawa mwekundu. Tulifunga damu, tukahangaika. Amekufa kabla ya jua kuzama. Wa Vuhovi tulimtafutia damu nyingine. Anaishi.

Nina hasira mpaka mikono inauma.

Jumatatu, 11 Machi.

Directeur anataka tuseme ngiri ndiyo iliyomuua. Nilimwambia nitasema kweli hapa, au nitaisema mlangoni pa kanisa. Achague.

Nilimkuta Mwamba amekaa kwenye ngazi. Anasema nchi ambayo watu wote wana jina moja inaua. Hapana. Alimuuliza mgonjwa swali ambalo jibu lake ni ndiyo. Wagonjwa wetu hawajawahi kumwambia docteur hapana. Angemwacha mtu ajitaje mwenyewe: jina, kijiji, kilichomleta.

Nikamtuma kwa mjane. Nikamwambia akae chini, aache Kifaransa, aanze na kosa, kisha anyamaze. Mimi na Masika tulisimama mlangoni.

Aliketi sakafuni. "Mama, hapana ngiri imemuua bwana yako. Ni miye. Niliweka damu ya mutu mwingine mu mwili yake."

Mjane aliinua uso, akamtazama. Kisha: "Na ule Kambale mwingine, iko muzima?"

"Iko muzima, Mama."

"Basi." Akajifunika kitenge usoni.

Mwamba hakuinuka. Alikaa pale hadi shemeji za mjane walipokuja kuchukua maiti, akawasaidia kubeba.

Alhamisi, 14 Machi.

Mama wa kupasuliwa azae. Mwamba alimuuliza yeye ni nani, katoka wapi, na tunataka kumfanyia nini. Mama alisitasita. Mwamba alingoja. Zamani hangengoja.

Kisu nilishika mimi. Mtoto wa kike, analia. Nilipoanza kufunga tumbo, Masika akasema, "Mama Docteur, simama." Sauti ndogo. Wote wakaganda.

Alidhani kitambaa kimebaki ndani. Tulitafuta, tukahesabu, tukatafuta tena. Hakuna. Vyote vilikuwa nje. Alikuwa amekosea, na alitamani ardhi immeze. Nilimshukuru kwa sauti ili hata mfagiaji koridoni asikie.

Nilienda kwa Directeur. Mabalako waende wawili, au asiende mtu. Akasema nampokonya madaktari wake. Ndiyo, nampokonya. Tulibishana hadi akachoka.

Jumamosi, 16 Machi.

Wameondoka asubuhi na lori la wafanyabiashara, kupitia Beni. Walikaa juu ya magunia, sanduku la vyombo katikati yao. Sikutoa hotuba. Nilimfunga Masika kitambaa shingoni, baridi ilikuwa kali.

Barabara si salama. Sijui kama watafika. Sijui kama Mwamba yuko tayari, na nilisema yuko tayari.

Ukungu haujatoka mpaka sasa. Nimerudi wodini. Yule mama wa Alhamisi ananyonyesha.